Ukaguzi wa moto kwenye kinu cha nyuklia: watu wangapi, siku ngapi, na nani analipa?

Swali: "Shikamoo mhandisi. Mimi ni binti wa miaka 29, nimesomea uhandisi wa umeme, na sasa ni afisa usalama kwenye kiwanda cha samaki hapa Ilemela, Mwanza. Kwetu ukaguzi wa moto ni wa siku moja. Mkaguzi anapitia mitungi, milango ya kutokea, king'ora na chumba cha amonia, anaandika, anaondoka. Nasikia wenzetu wa Kenya wanataka kujenga kinu cha nyuklia Siaya, ng'ambo ya ziwa letu, na Uganda wanajiandaa kule Buyende. Kinu kama hicho kinakaguliwaje moto? Wanakwenda watu wangapi, kwa siku ngapi, nani anawalipa? Na mtu kama mimi anaweza kuifanya kazi hiyo?"

Jibu: Marahaba, mdogo wangu.

Nikupe kwanza hesabu uliyoiomba, kwa mfano wa Marekani, maana utaratibu wao wote umeandikwa hadharani na nchi nyingi zimeuchungulia. Kwa miaka mingi, Tume ya Kudhibiti Nyuklia ya huko, NRC, ilikuwa ikipeleka timu ya watu watatu kwenye kila kituo, kila baada ya miaka mitatu. Timu ilikaa kituoni wiki mbili, na saa za ukaguzi wenyewe zilifika kama 200. Mbali na hao, wapo wakaguzi wasiopungua wawili wenye ofisi palepale kituoni mwaka mzima. Gharama hulipwa na mwenye kituo.

Ila ukiishia kwenye hesabu hiyo utadhani watu watatu wanamaliza kituo kizima kwa wiki mbili. Hawamalizi, wala hawajaribu. Wanachagua maeneo matatu mpaka matano, yale tu, na kuyachimba mpaka chini. Uchaguzi huo ndio kazi kubwa, na ndiko fedha na akili zinakopaswa kwenda.

Kiwandani kwako moto ukishika unakata umeme, unatoa watu, unapiga 114. Likiungua jengo ni hasara, lakini hasara imekwisha. Kinu cha nyuklia huwezi kukizima ukakiacha. Kinu chenye nguvu ya joto ya megawati 3,000 kikisimamishwa sasa hivi, sekunde chache baadaye fueli yake bado inatoa kama megawati 200 za joto, na kesho yake saa kama hizi bado ni zaidi ya 10. (Mtambo wetu wa mafuta mazito pale Nyakato unatoa umeme wa megawati 60 hivi, upate picha.) Joto hilo lazima liondolewe kwa maji, maji yasukumwe na pampu, pampu zipate umeme, vali zifunguke zikiamriwa. Amri na umeme vyote hupita kwenye kebo, na ganda la kebo ni plastiki au mpira.

Dunia ilijifunza hilo Browns Ferry, Alabama, tarehe 22 Machi 1975. Mafundi walikuwa wakitafuta mahali hewa inapovuja ukutani, pale kebo zinapopenya kutoka chumba hadi chumba. Walitumia mshumaa: mwali ukivutwa upande, hapo pana tundu. Mwali ukavutwa kweli, ukashika sponji iliyotumika kuzibia. Moto ukavuka ukuta, ukala kebo zaidi ya 1,600 kwa muda wa saa saba hivi. Kwenye chumba cha kuongozea mtambo taa zikawa zinawaka na kuzima ovyo, pampu zikianza bila kuamriwa na nyingine zikikataa kuwaka. Kinu namba 1 kikapoteza mifumo yake yote ya dharura ya kupoza kiini, na wahudumu wakakiokoa kwa pampu ambazo hazikuwekwa kwa kazi hiyo. Maji yalicheleweshwa kwa hofu ya umeme, ingawa mkuu wa zimamoto wa mji jirani wa Athens alikuwa ameshauri yatumike mapema. Yaliporuhusiwa, moto haukuchukua muda. Hakuna aliyekufa. Lakini mitungi ya kuzimia moto ilikuwepo, watu wenye mafunzo walikuwepo, na bado mshumaa mmoja ulikaribia kumaliza kila njia ya kukipoza kinu.

Kutoka hapo Marekani waliandika kanuni ya mwaka 1980 ambayo mpaka leo ni mama wa maswali ya mkaguzi. Kebo na mitambo ya njia mbili za kusimamisha na kupoza kinu zitenganishwe kwa ukuta wa kuhimili moto saa tatu; au ziachane futi 20, yaani mita sita hivi, bila chochote cha kuungua katikati, pakiwa na vitambua moto na mfumo wa kuzima unaojiendesha; au njia moja ifunikwe kinga ya saa moja, pamoja na vitambua moto na mfumo huohuo. Mwaka 2004 vituo viliruhusiwa kuchagua utaratibu mwingine, unaopima hatari chumba kwa chumba kwa hesabu za uwezekano. Kwa vyovyote, mkaguzi anasimama mlangoni na kuuliza swali moja: kila kilichomo humu kikiteketea, kuna njia moja nzima iliyobaki ya kusimamisha kinu na kukipoza? Wewe unaulizwa idadi ya mitungi. Yeye anauliza kitakachobaki.

Sasa tupange ukaguzi.

Wiki kadhaa kabla, mkuu wa timu huenda kituoni siku mbili tatu, si kukagua bali kukusanya karatasi na kuchagua maeneo. Anaomba uchambuzi wa hatari za moto wa kila chumba, orodha ya kebo na vyumba zinamopita, maelekezo ya kusimamisha kinu wakati wa moto, kumbukumbu za mazoezi ya kikosi, mabadiliko yote yaliyofanywa tangu ukaguzi uliopita, na orodha ambayo mimi huiona tamu kuliko zote: vitu vya kinga vilivyo vibovu kwa sasa. Mlango usiofunga, pampu iliyo matengenezoni, eneo ambalo kitambua moshi kimezimwa. Muda ambao kitu kimekaa kwenye orodha hiyo unakwambia habari za uongozi wa kituo kuliko mazungumzo ya siku nzima ofisini.

Vyumba vinavyochaguliwa havichaguliwi kwa ukubwa wala kwa wingi wa mafuta. Ukumbi wa tabo, yaani mashine inayozungushwa na mvuke ili kuendesha jenereta, una maelfu ya lita za mafuta na haidrojeni ya kupozea jenereta, na umeshaleta mioto mibaya: Vandellòs nchini Hispania, Oktoba 1989, kinu namba 1 hakikuwashwa tena. Hata hivyo chumba kidogo chini ya chumba cha kuongozea, kisicho na tone la mafuta, kinaweza kuwa kibaya zaidi kwa sababu kebo za njia zote mbili zinakutana hapo. Kwa hiyo mpangaji huangalia hesabu za hatari, huangalia vyumba vilivyokaguliwa mara iliyopita ili asirudie palepale, huangalia palipobomolewa na kujengwa karibuni, kisha huacha nafasi ya pua yake mwenyewe. Mpango usioacha nafasi hiyo nisingeusaini.

Kisha inakuja kazi ya mezani, ambayo wenye bajeti huipenda kuikata kwa sababu haionekani. Mkaguzi wa umeme huchukua vali moja muhimu na kuifuata kebo yake kwenye michoro kutoka swichi ya chumba cha kuongozea, trei kwa trei (vile vibebeo vya kebo), chumba kwa chumba, mpaka kwenye mota ya vali. Kila inapokatiza chumba kilichochaguliwa anajiuliza: ganda likiungua na waya wenye umeme ukagusana na wa jirani, vali hii itajifungua yenyewe? Ikijifungua, maji yatakwenda wapi? Vali chache tu zinakula siku nzima. Ukinipa fedha za siku kumi, tano ningezitumia hapa, mapema, kabla ya mtu yeyote kuvaa kofia ngumu.

Timu yenyewe ni ya fani tatu: mtu wa moto, mtu wa umeme, na mtu anayejua jinsi kinu kinavyoendeshwa. Hawawezi kuzibiana nafasi. Mtu wa moto peke yake ataona kinga nzuri ukutani asijue kebo iliyomo ni ya nini. Mtu wa umeme ataijua kebo, asijue kama kinga inayoizunguka iliwahi kujaribiwa kwa moto. Na hili lilitokea: mwanzoni mwa miaka ya 1990 iligundulika kwamba Thermo-Lag, kinga iliyofungwa kwenye kebo za vituo vingi vya Marekani, haikufikia saa zilizoandikwa kwenye vyeti vyake. Ilionekana imefungwa vizuri, imesainiwa, imekaguliwa kwa macho, na bado haikufaa. Tangu hapo mkaguzi mzuri anaomba ripoti ya jaribio, halafu anapima kama fundi aliifunga ileile iliyojaribiwa, kwa unene uleule na maungio yaleyale.

Wakiingia vyumbani, mambo yanakuwa madogo kabisa. Mlango wa moto: unaufungua nusu, unauachia, unasikiliza. Kama ulimi haujaingia kwenye kitasa kwa nguvu ya mlango wenyewe, mlango huo ni pazia. Unapiga tochi sakafuni kutafuta alama ya kabari, kwa sababu watu wanaopita na mizigo huuegesha wazi. Unainua tochi kwenye tundu la ukutani ambamo kebo mpya imepitishwa mwaka jana na kuangalia kama kizibo kilirudishwa chote au fundi aliacha mwanya wa kidole. Namba iliyobandikwa kwenye kizibo unailinganisha na ya mchoro. Kisha mtu wa uendeshaji anamchukua mhudumu wa zamu na saa ya kupimia: "Maelekezo yanasema vali hii ifunguliwe kwa mkono ndani ya dakika 20. Twende." Hapo ndipo utaona kwamba ngazi imefungwa kufuli, au redio haishiki nyuma ya ukuta mnene wa zege, au njia ya kwenda inapita kwenye chumba kilekile kinachodhaniwa kuungua. Taa za dharura za njia hizo zinatakiwa ziwake kwa betri saa nane, na kusoma lebo yake hakutoshi. Unaomba kumbukumbu za majaribio.

Wakaguzi wakazi, wale wenye ofisi palepale kituoni, hufanya yale ambayo timu ya wiki mbili haiwezi. Kila robo mwaka wanatembelea maeneo kadhaa kuangalia takataka za kuungua, mbao za jukwaa, matambara yenye mafuta, milango. Kila mwaka wanasimama pembeni kutazama zoezi la kikosi cha kituo. Kikosi hicho, kwa kanuni ya Marekani, ni watu wasiopungua watano kila zamu, na kiongozi pamoja na wengine wawili lazima waielewe mifumo ya usalama ya kinu, ili wasimwage maji mahali pasipotakiwa. Kila kikosi cha zamu kifanye zoezi angalau kila miezi mitatu, na angalau mara moja kwa mwaka bila kuambiwa. Ningekuwa mpangaji, siku hiyo ningeiangushia usiku wa manane.

Na usipange ziara zote wakati kinu kinakwenda vizuri. Kinaposimamishwa kwa matengenezo huingia mamia ya mafundi wa kandarasi, welda kila kona, vinyunyizio vya baadhi ya vyumba vimefungwa, milango imeegeshwa ili mabomba yapite. Mlinzi wa moto anayekaa na ndoo na mtungi baada ya welda kumaliza alikuwa akitakiwa kubaki nusu saa. Viwango vya Marekani vya karibuni vimeongeza iwe saa nzima, kwa sababu cheche hulala. Saa chache za mkaguzi zikitengwa kwa kipindi hiki huzaa matokeo mengi kuliko zilezile katikati ya mwaka.

Fedha. Sheria ya Marekani inaitaka NRC irudishe karibu bajeti yake yote kupitia ada za wenye leseni, na saa moja ya mkaguzi siku hizi inatozwa zaidi ya dola 300. Saa 200 za ukaguzi peke yake ni zaidi ya dola 60,000, kabla ya maandalizi na ripoti, ambavyo hula muda unaokaribia huohuo. Anayelipa ni mwenye kituo, lakini analipa kwa mujibu wa sheria na hachagui mkaguzi. Hapo ndipo ningetaka kila nchi ya kwetu ikaze kamba. Kenya ina NuPEA ya kuendeleza umeme wa nyuklia, na ina mdhibiti wake tofauti, KNRA, aliyeanzishwa kwa sheria ya mwaka 2019. Mgawanyo uko sawa kwenye karatasi. Ubora wake utapimwa na mstari wa bajeti, yaani kama mdhibiti ana fedha za kumwajiri mhandisi wa umeme na kumlipa vya kutosha asihamie kwa mwenye kinu.

Nchi inayoanza ina tatizo jingine: ukaguzi muhimu kuliko wote hutangulia umeme wa kwanza kwa miaka mingi. Matundu ya kebo, umbali kati ya trei, kuta za saa tatu, vyote huamuliwa kwenye mchoro na kufungwa wakati wa ujenzi. Baadaye vinafunikwa na kurekebisha ni gharama ya kutisha. Kwa hiyo mdhibiti anahitaji vituo vya kusubiri kwenye ratiba ya mkandarasi: hufungi dari hii mpaka mkaguzi ameona. Maana yake watu wawe wameshaajiriwa na kufunzwa kabla zege halijamwagwa. Umoja wa Falme za Kiarabu walianzisha mdhibiti wao, FANR, mwaka 2009, na kinu cha kwanza cha Barakah kiliingia kwenye gridi mwaka 2020; miaka hiyo 11 waliitumia kuajiri wataalamu wazoefu kutoka nje, kununua msaada wa kitaalamu, na kuwakuza wao wenyewe. Sioni njia ya mkato zaidi ya hiyo. Kukodi macho ya nje kunaruhusiwa, mradi saini ya mwisho iwe ya mtu wa mdhibiti anayeelewa anachosaini.

Ziwa letu nalo lina yake, ambayo orodha ya kuletwa kutoka Alabama haitakuwa nayo. Maji ya kuzimia moto yatatoka ziwani, na kanuni hutaka vyanzo viwili tofauti. Vyanzo viwili vinavyonyonya kutoka ghuba moja iliyojaa magugumaji ni chanzo kimoja. Ghuba ya Winam, upande wa Kenya, inaijua habari hiyo vizuri kuliko sisi. Mkaguzi aone vichujio, aone ratiba ya kuvisafisha, aone pampu ya dizeli ikiwashwa na maji yakipimwa kweli. Kule Narora, India, Machi 1993, moto wa ukumbi wa tabo uliunguza kebo na kituo kikakosa umeme wote kwa saa 17. Pampu za dizeli za zimamoto ndizo zilizopeleka maji ya kupoza kinu. Pampu ya namna hiyo huwezi kuihesabu kama ya moto tu. Halafu kuna usawa wa maji: mwaka 2020 na tena 2024 ziwa lilipanda likafunika mialo na barabara, kwa hiyo nyumba ya pampu iliyojengwa kwa alama za zamani ni suala la ukaguzi wa moto. Na wale wadudu wanaonyanyuka ziwani kama moshi, wakaonekana mpaka kisiwani Ukerewe, wakiingia ndani ya vitambua moshi huleta king'ora cha uongo. King'ora kikilia bure wiki nzima, mtu atakizima, na kitaingia kwenye ile orodha ninayoipenda.

Kuhusu wewe. Kati ya zile fani tatu, mkaguzi wa umeme anayeelewa moto ndiye adimu, na nusu ya njia umeshaipita. Anza kiwandani kwako: chukua kompresa moja ya chumba cha baridi, fuata kebo yake kutoka paneli kuu mpaka kwenye mota, andika kila chumba inamopita na nini kingine kinapita nayo. Ifanye hiyo mpaka uweze kumweleza meneja ni moto wa chumba gani utakaozima kompresa zote kwa pamoja. Tanzania tuna TAEC, Tume ya Nguvu za Atomiki, iliyo chini ya sheria ya mwaka 2003, na ina ofisi ya kanda hapo Mwanza. Kazi yake kubwa kwa sasa ni mionzi ya hospitali, migodi na viwanda, si vinu, lakini ndiyo shule ya udhibiti iliyo karibu nawe. Chuo Kikuu cha Nairobi kina taasisi ya sayansi na teknolojia ya nyuklia. Na kwa kuwa wewe ni mwanamke, fuatilia ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, ulioanza mwaka 2020: huchangia ada na posho ya shahada ya uzamili katika masomo ya nyuklia, mpaka miaka miwili, na maombi hufanywa kwenye tovuti ya shirika lenyewe.